Mwendo wa Bi Coralie Wexham

Jumatatu, 2 Desemba 1968

Leo Mwalimu Hollister ametugawia madaftari haya. Tuandike tangu mvua ya kwanza ya majira haya hadi ya mwisho, na siku isiyo na jambo mstari mmoja unatosha. "Msiniandikie mnachodhani napenda kusoma," alisema. "Andikeni mlichokiona." Rhonda Pruitt, anayekaa nyuma yangu, akauliza kama mvua isiponyesha tutapewa alama za bure.

Mimi ni Zabel Manukian, nina miaka kumi na minne. Naishi Hollywood na Baba, Mama na Bibi Takuhi, mama yake Baba, katika nyumba namba tatu. Nyumba zetu ni nane, ndogo ndogo, zimezunguka ua mmoja wenye mlimau katikati. Baba na Mama wana duka la dobi na hurudi jioni, kwa hiyo mchana tupo mimi na Bibi.

Mvua bado.

Jumanne, 3 Desemba

Mvua bado.

Alhamisi, 5 Desemba

Bibi amegombana tena na mama wa namba sita juu ya malimau. Ugomvi huu una miaka mitatu sasa. Bibi huyachuma yakiwa mabichi, kwa ajili ya supu. Yule mama, Bi Coralie, anataka yaachwe mpaka yawe ya njano. Bibi anajua maneno ya Kiingereza kama arobaini, na thelathini kati ya hayo ni ya sokoni, kwa hiyo mimi ndiye mkalimani.

"Mwambie huyo mzee," Bibi alisema kwa Kiarmenia, "limau ni la kuliwa, si la kutazamwa."

"Mwambie huyo mzee," Bi Coralie akajibu kabla sijafungua mdomo, "sauti yake naisikia tangu saa kumi na mbili asubuhi. Haihitaji mkalimani."

Bi Coralie ni mwembamba, ana mgongo ulionyooka kama rula, na hacheki. Namwogopa kidogo.

Ijumaa, 13 Desemba

Mvua! Ilianza tukiwa kwenye hesabu. Nilipofika nyumbani Bi Coralie alikuwa amesimama mlangoni kwake, mikono imelowa. Paa lake linavuja juu ya jiko.

"Wewe, binti wa namba tatu. Una nguvu?"

Nilisema ninazo. Tulisogeza meza, tukatega masufuria chini ya matone, tukatoa vitu vyote kabatini chini ya sinki. Nyuma kabisa kulikuwa na makopo matatu ya bati, ya duara, bapa kama sinia. Moja lilikuwa na karatasi imeandikwa kwa taipureta: Dirisha la Mama Tolliver, 1924. Mwigizaji: Coralie Wexham. Picha: O. Lindqvist.

"Coralie Wexham ndiye nani?" niliuliza, ingawa nilikwisha kuhisi.

"Mtu mmoja aliyejidanganya," alisema. "Pipa la taka liko nyuma. Tupa yote matatu."

Nikasema, "Sawa, mama." Nikatoka nayo kwenye mvua, nikafika mpaka penye pipa, nikafunua kifuniko. Kisha nikakifunika. Makopo yako chini ya kitanda changu. Sijawahi kumwambia mtu mzima "sawa" kisha nikafanya kinyume chake. Mwalimu Hollister alisema tuandike tulichokiona. Nadhani na tulichokifanya kimo.

Jumamosi, 14 Desemba

Nimeshinda maktaba. Mkutubi hakuwa amewahi kusikia jina hilo. Alipanda ngazi, akashusha magazeti ya zamani yenye vumbi, na katika la tatu akawa ndiye yeye, ukurasa wa mbele, ana miaka kama ishirini na mitano, anatazama pembeni kama mtu aliyeitwa na mtu anayempenda. Gazeti linasema barua zake zilifika studio kwa magunia, na kwamba wasichana wa miji mitano walikata nywele ziwe kama zake. Mtu wa magunia ya barua, na kwenye ua wetu tunamjua kwa malimau tu!

Niliporudi nilimkuta akifagia maji mlangoni. Nilimsalimu kwa heshima zaidi ya kawaida. Akaniuliza kama naumwa.

Jumatatu, 16 Desemba

Nimempelekea Mwalimu Hollister makopo. Macho yake yaling'aa. "Mwenyewe ameruhusu?" akauliza. Nikasema amenipa. Kunikabidhi kweli alinikabidhi, lakini nilijua vizuri Mwalimu aliuliza nini.

Jumatano, 18 Desemba

Mvua kidogo. Mtihani wa historia. Nimesahau mwaka wa mkataba mmoja.

Ijumaa, 20 Desemba

Sipendi kuandika leo, lakini nitaandika.

Ni siku ya mwisho ya muhula. Mvua ilinyesha tangu asubuhi, michezo ikafutwa, na Mwalimu akasema tutatazama filamu. Alileta projekta ya shule, akashusha skrini, na kabla ya kuzima taa akaniacha niseme maneno machache. Nilisema tutamwona mwigizaji mkubwa ambaye ulimwengu umemsahau. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi mbele ya kioo.

Filamu ikaanza. Mama Tolliver ni mke wa mfanyakazi wa reli. Kila jioni husimama dirishani kumngoja. Lakini hakusimama, alichomoza dirishani kama katuni. Akageuka, akatimka jikoni, akafuta mikono mara kumi kwa nukta moja, akarudi mbio. Watu wote mle walitembea kama wamekanyaga makaa. Rhonda alianza kucheka, kisha safu yake, kisha darasa zima. Ikafika mahali ambapo Mama Tolliver anapiga pasi na analetewa barua. Unajua kwamba ni habari ya msiba. Akaisoma huku kichwa kinatikisika, mikono inaparamia hewa, pasi inafuka moshi, na kwa dakika nzima uso wake ulikuwa ukirukaruka kiasi kwamba Rhonda alianguka kutoka kwenye kiti.

"Mpeni mahindi, kuku wa watu ana njaa!" alipiga kelele.

Na mimi nilicheka. Nilijaribu kujizuia, nikauma mkono wa sweta, lakini nilicheka. Mwalimu Hollister alizima mashine kabla ya kopo la pili.

Jumamosi, 21 Desemba

Nimekwenda namba sita kukiri. Nilimweleza yote, makopo, shule, kicheko, hata changu. Nilidhani atanifokea. Aliniwekea kiti.

"Unajua kwa nini nilikwambia utupe?" akasema. "Nilipokuwa naigiza sikuwahi kujitazama hata mara moja. Mwongozaji wetu alinikataza. Alisema mwigizaji akijiona ataanza kujiiga. Nikamtii, filamu kumi na tisa. Kisha zikaja filamu za kusema, sauti yangu hawakuitaka, nikaenda zangu kuuza kofia. Miaka kumi na miwili iliyopita televisheni ikaionyesha hiyo unayoijua. Nikanunua keki. Nikawaita wanawake wote wa dukani kwetu."

Tone likaanguka kwenye sufuria.

"Nilijiona kwa macho yangu, mtoto. Nilikuwa kuku aliyemwagiwa maji. Wale wanawake walikuwa na adabu, walikunja midomo yao mpaka ikawa myeupe. Nikajua basi: miaka yote ile watu walikuwa wakinionea huruma tu."

Nilisema, "Lakini magunia ya barua—"

"Watu ni wema wakiwa mbali."

Nikamwuliza kama anataka nirudishe makopo. "Ni yako sasa," akasema. "Onyesha, tupa, pandia maua. Makopo ni yako. Macho ni yangu, na hayatatazama tena." Akanifungulia mlango kwa upole, na upole huo ndio ulionichoma.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi ya majirani. Yetu sisi Waarmenia ni Januari. Nilimwekea Bi Coralie sahani ya biskuti mlangoni. Sahani ilirudi imeoshwa, bila neno.

Jumatatu, 6 Januari 1969

Krismasi yetu, na ni siku ambayo sitaisahau.

Baada ya kanisa tulikula samaki na mchicha kama kawaida, na Baba akaniuliza kwa nini nimekuwa kimya likizo nzima. Nikasimulia. Nilipofika kwenye pasi, Bibi aliweka kijiko chini.

"Shati liliungua," alisema.

Wote tukamtazama.

"Alipata barua, akaisoma, pasi akaisahau juu ya shati la mumewe. Shati likaungua. Akaliona, akaanza kulikunja vizuri, polepole, polepole, kana kwamba bado litavaliwa. Au si hiyo?"

"Bibi! Umeiona wapi?"

"Beirut. Nilikuwa nafua nguo kwenye nyumba ya yatima, mwaka wa ishirini na sita. Walitundika shuka ukutani. Filamu ilikuwa bubu, na maandishi yake ya katikati yalikuwa ya Kiingereza, basi bwana mmoja, Garabed, akasimama kando ya shuka akitusomea kwa Kiarmenia kwa sauti kubwa. Lakini kwenye barua alinyamaza. Haikuhitaji kusomwa."

"Mlicheka?"

"Pale paka alipoiba soseji tulicheka. Kwenye barua?" Bibi alinitazama kana kwamba nimeuliza kama watu hucheka kaburini. "Watoto mia mbili wasio na mama, roho yangu. Tulilia mpaka taa ikabidi iwashwe tupumzike. Lakini kilikuwa kilio kizuri. Tulilala vizuri siku ile."

"Hakuwa akikimbiakimbia? Akirukaruka?"

"Nani, yule? Alitembea kama mtu aliyebeba mtungi uliojaa."

Ndipo nikamwambia mama yule yuko wapi sasa. Nikaonyesha kwa kidole, kupitia dirishani, ng'ambo ya mlimau.

Bibi aliinuka, akaenda kutazama dirishani. "Yule wa malimau?" alisema. "Mungu wangu. Na mimi nimemwita mbuzi mbele ya ua mzima."

"Kwa Kiarmenia, Mama," Baba akasema. "Hakuelewa."

"Mwigizaji yule? Ameelewa."

Jumanne, 7 Januari

Sikulala vizuri. Filamu ni moja. Bibi hasemi uongo, na macho yangu nayo hayakusema uongo. Inawezekanaje mwanamke mmoja atembee na mtungi Beirut na atimke kama kuku hapa kwetu?

Alhamisi, 9 Januari

Nimemweleza Mwalimu Hollister yote, pamoja na uongo wangu kwake. Alisema uongo tutauzungumza siku nyingine, swali ni zuri mno kuliacha lingoje. "Muulize aliyeitengeneza," akasema. Tukafungua kitabu cha simu. Yupo Lindqvist mmoja, jina lile lile la kwenye kopo, fundi wa kamera, mtaa wa Cahuenga.

Jumamosi, 11 Januari

Nimemwona Bwana Otto Lindqvist! Duka lake ni jembamba kama treni, limejaa kamera zilizofunguliwa matumbo. Yeye ana miaka sabini na minane na miwani miwili, mmoja puani na mmoja kwenye paji la uso.

"Bibie, kama ni kamera ya baba yako, iache hapo. Kama ni msaada wa kanisa, nimeshatoa."

Nikasema ni Dirisha la Mama Tolliver.

Aliweka bisibisi mezani. Nikamweleza tulivyoionyesha shuleni. Nilipofika kwenye kuku akaninyooshea kiganja ninyamaze.

"Mashine gani?"

"Ya shule."

"Ya filamu za sauti? Kuna mahali pa kubadili mwendo?"

"Sijui, bwana. Mwalimu aliwasha tu."

"Aliwasha tu!" Alipiga meza, skrubu zikaruka. "Jamani! Filamu ya sauti inakwenda picha ishirini na nne kwa sekunde. Sisi hatukuwa na mota. Mkono huu!" Akaunyosha, akaanza kuzungusha mpini usioonekana. "Mizunguko miwili kwa sekunde, picha kumi na sita. Mimi niliipiga kumi na sita, nyie mnaitazama ishirini na nne. Chukua wimbo wa mazishi, uupige haraka mara moja na nusu, uone kama watu hawatacheza!"

"Na televisheni?"

"Televisheni ni hao hao wawashao tu."

Nikamwuliza mkono ulijuaje kwamba ni kumi na sita bila saa. Akaona haya kidogo. "Tuliimba," alisema. "Kila mpiga picha alikuwa na wimbo wake wa moyoni. Wangu ulikuwa wa kuchunga ng'ombe, wa kwetu Sweden. Nilimwimbia Coralie ng'ombe wa bibi yangu filamu kumi na tisa, na yeye hakujua."

"Yeye anaamini alikuwa kuku," nikasema.

Bwana Lindqvist alivua miwani yote miwili. "Yuko hai?"

"Yuko namba sita."

Nilirudi nyumbani nikikimbia kwenye manyunyu. Niligonga. Nikamweleza mlango uliofungwa, kwa sauti, habari za kumi na sita na ishirini na nne na ng'ombe. Kisha Bi Coralie akasema kutoka ndani, "Otto alikuwa na moyo mzuri sikuzote. Atasema lolote kunifariji. Nenda ukajikaushe, mtoto."

Jumatatu, 13 Januari

Nimemwandikia barua ya kurasa nne, na mchoro wa mpini, nikaipitisha chini ya mlango.

Jumanne, 14 Januari

Imerudi. Chini ameandika: "Asante. Mchoro ni mzuri. Hapana."

Jumamosi, 18 Januari

Mvua kubwa.

Jumapili, 19 Januari

Mvua kubwa zaidi.

Jumanne, 21 Januari

Shule imefungwa. Barabara ni mto, nimeona kiti cha bustani kikielea kuelekea baharini. Paa la namba sita limeshindwa kabisa. Bibi, bila kumwuliza mtu, amechukua turubai la duka la Baba, akamburuta Baba na ngazi, wakalifunika. Bi Coralie alisimama chini akishika ngazi. Hakuna aliyesema neno kuhusu malimau. Bibi alipomaliza alisema kwa Kiingereza, "Nyumba kavu. Basi." Bi Coralie akasema, "Basi." Nilidhani wanawake hawa wawili ni maadui, na kumbe ni watu wawili wanaofanana mno.

Jumamosi, 25 Januari

Bado inanyesha. Vilima vimeporomoka upande wa kaskazini. Mkate umekwisha dukani, na Bibi anafurahi kwa sababu sasa tunakula wake.

Jumapili, 2 Februari

Jua! Na Bibi ana mpango. Baada ya ibada aliwakusanya akina mama wa kanisa, akawauliza nani aliona filamu za shuka huko walikokimbilia, Beirut, Halab au Marseille. Mikono kumi na minne. Ukumbi wa kanisa tumepewa Jumapili ya tarehe 23, saa tisa alasiri. Bwana Lindqvist ataleta projekta yake mwenyewe, ina kitasa cha kupunguza mwendo. Na mimi nitasimama kando ya shuka nisome maandishi kwa Kiarmenia, kama yule Bwana Garabed.

"Mimi?" nikasema. Sijasimama mbele ya watu tangu ile Desemba.

"Nani mwingine?" Bibi akasema. "Mimi macho yangu hayaoni tena herufi."

Jumatano, 5 Februari

Rhonda Pruitt alinisimamisha kwenye ngazi. "Nasikia mnaonyesha tena yule kuku wenu." Nikamwambia njoo utazame, kwa sababu uliyemwona si yeye. Nilisema kwa ukali kuliko nilivyokusudia. Akanitazama. "Inaruhusiwa kwa wasio Waarmenia?" Nikasema inaruhusiwa kwa wanaonyamaza. Akacheka, lakini kicheko kingine.

Jumatatu, 10 Februari

Maandishi ni thelathini na moja. Nimetafsiri kumi na manane. "Mpenzi wangu, reli imenichukua mbali nawe" yana shida. Bibi anasema hakuna Mwarmenia anayezungumza hivyo na mkewe.

Jumapili, 16 Februari

Nimemaliza yote. Nimemwalika Bi Coralie, nikasimama pale pale mlangoni. "Hapana, Zabel," alisema. Ni mara ya kwanza kuniita kwa jina. Nilipoondoka nilikuwa na huzuni kwa hapana yake na furaha kwa jina langu, na sikujua niweke kipi juu.

Jumamosi, 22 Februari

Mvua imerudi. Nimekunywa chai ya asali kwa ajili ya koo. Kesho tutamwonyesha kwa watu wanaomkumbuka, na mwenyewe atakuwa amekaa hatua chache tu kutoka hapo, anaamini tunamcheka. Nawaza kwamba sitakuwa nimerekebisha lolote.

Jumapili, 23 Februari

Nitaandika kila kitu, hata mkono ukiuma.

Saa nane Bibi alivaa koti lake jeusi la kanisani, akachukua pasi yetu, waya umezungushwa mkononi, na shati moja la Baba. Akatoka kwenye mvua. Nilimfuata na mwavuli nikiuliza anakwenda wapi, ingawa uani hakuna mbali. Aligonga namba sita kwa pasi.

Bi Coralie alifungua. "Zabel, mwambie bibi yako—"

"Zabel haongei," Bibi akasema kwa Kiingereza chake. "Mimi naongea."

Lakini hakuongea. Alitandika shati juu ya kisanduku cha barua kilicho kando ya mlango, akaanza kulipiga pasi isiyo na moto, polepole, mvua ikimpiga begani. Akaweka kitu kisichokuwepo mkono wa kushoto: barua. Akaisoma. Mimi namjua Bibi miaka kumi na minne, na sikumjua mwanamke yule. Uso wake haukufanya lolote. Mkono wa kulia tu ulisahau kusogea. Nilihesabu pumzi tano, sita. Kisha akateremsha macho, akaliona shati, akaliinua kwa vidole viwili, akalikunja. Bega la kushoto ndani, bega la kulia ndani. Akalaza kiganja juu yake, kama unavyomlaza mtoto.

Kisha akamtazama Bi Coralie usoni. "Beirut," akasema. "Mimi msichana. Watoto wengi. Hakuna cheka."

Bi Coralie alikuwa ameshika fremu ya mlango. Aliutazama mkono wa Bibi uliokuwa juu ya shati, shati limelowa chapachapa.

"Saa ngapi?" akauliza.

"Saa tisa," nikasema.

"Basi nipeni dakika kumi. Siendi mahali na gauni la jikoni."

Ukumbini Rhonda alikuwa juu ya meza akitundika mablanketi madirishani, na akina mama walikuwa wakimwelekeza kwa lugha asiyoijua. Alipomwona Bi Coralie akiingia na kofia ya bluu, karibu aanguke. "Ndiye yeye?" akaninong'oneza. "Mbona anatembea kama malkia?" Nikasema, "Ndiyo mwendo wake."

Bwana Lindqvist alikuwa nyuma, mgongo umeinama juu ya mashine. Hakugeuka, na Bi Coralie hakuenda kwake. Alikaa kiti cha mwisho cha safu ya mwisho, karibu na mlango, mkoba mapajani kama mtu anayengoja kuitwa kwa daktari. Bibi akakaa kando yake, kwa makusudi, upande wa mlangoni.

Taa zikazimwa. Nilisoma andiko la kwanza haraka haraka. Kisha Mama Tolliver akaja dirishani.

Alikuja. Sijui niseme vipi zaidi. Alitokea gizani kidogo kidogo, akaweka mkono kwenye kioo, na vidole vikafunguka kimoja kimoja. Nyuma nilimsikia Bwana Lindqvist akiimba puani ng'ombe wa bibi yake, mkono kwenye kitasa, akiongeza na kupunguza mwendo kama anayeshika hatamu. Mwanamke niliyemcheka Desemba alikuwa mle ndani siku zote, akingoja tu tupunguze mwendo.

Paka akaiba soseji, na ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Nilimtazama Bi Coralie. Alikuwa ameshainuka nusu, mkoba kifuani. Bibi akamshika kiwiko. "Paka," alimwambia kwa Kiingereza. "Paka, ruhusa." Bi Coralie akatazama shuka, akamwona paka akilamba sharubu na Mama Tolliver akimtishia kwa mwiko, na ghafla akacheka mwenyewe, kicheko kikubwa cha kijana, mpaka watu wa mbele wakageuka. Akaketi.

Ikaja barua. Nilikuwa na andiko la kusoma pale, lakini nikafanya kama Bwana Garabed, nikanyamaza. Hakuna kiti kilichogonga. Tulisikia mvua na mashine na wimbo wa ng'ombe. Pasi ikasahauliwa, moshi ukapanda, mikono ikakunja lile shati, na ukumbi mzima ukavuta pumzi moja. Mama mmoja mzee safu ya mbele alisema kwa sauti, kana kwamba yuko peke yake, "Pole, mwanangu, pole." Rhonda alikuwa ameegemea ukuta, na hakujifuta uso.

Taa zilipowashwa hakuna aliyepiga makofi. Waliinuka tu, wale mama wa mikono kumi na minne, wakamwendea mmoja mmoja, wakamshika uso kwa viganja kama ndugu aliyerudi safari. Alisimama katikati yao akiitikia kwa kichwa, hajui Kiarmenia hata neno, na hakuhitaji. Mmoja alianza kugawa mikate ya nyama. Wengine wakavaa makoti, maana mvua ilikuwa imezidi.

Bi Coralie akajipenyeza mpaka kwenye mashine.

"Otto."

"Coralie."

"Umezeeka vibaya."

"Wewe umechelewa. Filamu hii nilimaliza kuizungusha miaka arobaini na mitano iliyopita."

Walicheka, na Bwana Lindqvist akaanza kutafuta leso katika mifuko yote isiyo na leso. Nikangoja Bi Coralie aseme kitu cha kukumbukwa, jambo la kuandika humu. Lakini yeye alikuwa amekunja uso, anatazama shuka tupu kama Baba anavyotazama doa lililobaki kwenye suti.

"Ule mkono wa kushoto," alisema. "Kwenye barua. Niliuteremsha mapema."

"Hukuuteremsha mapema."

"Niliuteremsha, Otto. Nusu pumzi. Macho yalikuwa bado hayajafika mwisho wa mstari. Ningejua, ningerudia." Mashavu yake yalikuwa mekundu, na mgongo, ambao nilidhani hauwezi kunyooka zaidi, ulinyooka zaidi. "Ni kosa zuri, lakini ni kosa. Rudisha mwanzo, nataka kuliona."

"Yote?"

"Yote. Huwezi kumtazama mtu katikati." Akageuka kunitafuta. "Na wewe, Zabel, usiyaharakishe yale maandishi ya mwanzo. Unasoma vizuri. Waachie watu nafasi ya kukusikia."

Bwana Lindqvist akaanza kuzungusha mikanda nyuma. Akina mama waliokwisha kuvaa makoti wakayavua. Rhonda akapanda tena mezani kubana blanketi lililolegea, na Bi Coralie, mkate wa nyama mkononi, akaenda akakaa safu ya mbele kabisa, katikati. Nikarudi mahali pangu kando ya shuka, nikangoja giza, nikaanza tena tangu neno la kwanza, polepole.